Kinachobeba Mzigo ni Upepo

Ndugu madereva, matingo, mafundi wa matairi, na ninyi mnaoendesha magari yenu wenyewe kwenda kazini na kurudi, habari za asubuhi. Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimekuja kuzungumzia namba mbili ambazo kila gari linazo, na ambazo wengi wetu tunaendesha miaka nenda miaka rudi bila kuzisoma: presha ya tairi inayotakiwa, na uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Tumezoea kuzitenga, kana kwamba moja ni ya fundi wa pancha na nyingine ni ya watu wa mizani. Mimi nasema namba hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, na anayeijua moja bila nyingine hajui hata hiyo moja.

Naanza na swali. Gari limesimama pale nje, limejaa watu na mizigo. Uzito wote ule unabebwa na nini? Najua jibu lililowajia: matairi. Basi fungueni valvu ya tairi moja tu, mlitazame. Raba ni ile ile, waya za ndani ni zile zile, rimu ni ile ile. Kilichotoka ni upepo peke yake, na kona ile ya gari imekaa chini. Tairi ni mfuko mgumu uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini ni mfuko. Upepo uliomo ndani ndio unaobeba.

Hesabu yake ni nyepesi, naomba tuifanye pamoja. Tuseme gari dogo lina magurudumu manne na kila moja limebebeshwa kilo 400. Presha ndani ni bar 2.3, yaani psi 33 hivi. Bar moja ni karibu sawa na kilo moja inayosukuma kila sentimita ya mraba. Gawanya 400 kwa 2.3 unapata 174. Sentimita za mraba 174, hicho ndicho kipande cha tairi kinachogusa barabara. Nyoosheni mkono muutazame: ni kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake, au zaidi kidogo. Hesabu hii si kamili kwa asilimia mia, maana ubavu wa tairi nao una ugumu wake, lakini haiko mbali na ukweli. Gari zima, na wote waliomo, limeshikwa na barabara kwa viganja vinne.

Sasa ongeza mzigo. Kila gurudumu libebe kilo 500 badala ya 400, na upepo usiuguse. Tairi litafanya nini? Litabonyea, kiganja kitanenepa mpaka kifikie sentimita 217, ili upepo ule ule uweze kuubeba uzito mpya. Ubavu wa tairi utajikunja zaidi kila linapozunguka. Na hapa ndipo penye jambo ambalo nawaomba mlichukue hata kama mengine yote mtayasahau: presha yenyewe haitabadilika. Nafasi iliyomo ndani ya tairi hupungua kidogo mno tairi linapobonyea, kwa hiyo sindano ya geji husoma kama ilivyosoma mwanzo. Jaribuni wenyewe. Pimeni tairi la nyuma gari likiwa tupu, waingizeni watu wanne wanene, pimeni tena. Hamtaona tofauti ya maana. Geji haijui mzigo. Inajua upepo tu.

Hili nililielewa baada ya kuponea chupuchupu. Tulikuwa safarini na familia, watu wazima watano na watoto wawili waliopakatwa, buti halifungi vizuri, juu kwenye keria kuna mabegi na madumu mawili ya maji. Alfajiri nilipima matairi yote manne kwa mkono wangu. Psi 30, kama kawaida yangu. Niliondoka nikiwa na amani kabisa moyoni, nikijiona dereva makini. Saa sita mchana, jua kali, mwendo mzuri, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari liliyumba mara mbili, likavuka upande wa pili wa barabara, likarudi. Mungu alituvusha, upande ule hapakuwa na gari linalokuja. Nilipopeleka lile tairi kwa fundi mmoja mzee, aliingiza mkono ndani ya tairi akautoa umejaa unga mweusi, kama masizi. Ulikuwa unga wa raba. Akanionyesha na mstari uliozunguka ubavu wote kwa ndani, pale raba ilipokuwa ikijikunja na kusagika. Akaniambia, "Mwanangu, tairi hili halikupasuka leo. Leo ni siku ya kusikika tu."

Nilirudi kwenye gari nikaufungua mlango wa dereva. Stika ilikuwa pale pale ilipokuwa tangu gari linatoka kiwandani. Mistari miwili. Wa kwanza ulisema psi 32 kwa gari lenye watu wachache. Wa pili ulisema nyuma psi 38, gari likijaa. Nilikuwa nimekosea kwa psi 8 kwenye yale matairi mawili yaliyobeba sehemu kubwa ya mzigo, na juu ya hapo nilikuwa nimezidisha mzigo wenyewe. Nilikuwa na geji, nilikuwa na stika, nilikuwa na watoto wangu ndani ya gari, na sikuwa nimesoma.

Stika hiyo ndiyo neno la mwisho kuhusu presha ya gari lako, likiwa na matairi ya aina lililotoka nayo kiwandani. Huwekwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au upande wa ndani wa kifuniko cha tangi la mafuta, na kama imebanduka, kitabu cha gari kinazo namba hizo. Waliotengeneza gari wanajua uzito wake mbele na nyuma, wanajua springi zake, wanajua mwendo wake. Tairi halijui. Ndiyo maana nawasihi muache ile desturi ya kusoma namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi na kumwambia fundi ajaze hapo. Ile iliyoandikwa kwamba ni ya juu kabisa ni mpaka wa tairi lenyewe. Tairi hilo hilo linaweza kufungwa kwenye magari kumi tofauti, na kila moja likahitaji presha yake.

Ubavu wa tairi una habari nyingine muhimu, nayo ni uwezo wake wa kubeba. Tazama baada ya vipimo: 205/55 R16, halafu 91V. Ile 91 si kilo tisini na moja. Ni namba ya jedwali, na kwenye jedwali 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. 94 ni kilo 670. 100 ni kilo 800. Ile herufi ni ya mwendo. V ni kilomita 240 kwa saa, T ni 190.

Lakini kilo 615 hizo zina sharti, na sharti lenyewe halikuandikwa karibu nazo. Kwa tairi la kawaida la gari dogo la vipimo vya Ulaya, uwezo huo unapatikana likiwa na bar 2.5. Likiwa na bar 2.0, tairi hilo hilo, jipya kabisa, linabeba takriban kilo 515. Nusu bar tu, psi 7 hivi, imekula kilo mia kwenye kila gurudumu. Kwa magurudumu manne ni kilo mia nne, uzito wa watu watano na mizigo yao. Hakuna kilichoonekana kubadilika kwa macho, maana matairi ya siku hizi ya rediali huvimba kidogo ubavuni hata yakiwa sawa. Kulitazama tairi na kulipiga teke si kulipima.

Kuna wanaonunua matairi yaliyoimarishwa, yale yenye alama ya XL, wakiamini wamekwisha kununua nguvu. Wamenunua uwezo wa kupokea upepo zaidi. Tairi la XL lenye namba 94 hufikia kilo zake 670 likiwa na bar 2.9. Ukilijaza bar 2.5 kama ulivyokuwa ukijaza lile la zamani la 91, linabeba karibu kilo 595, pungufu ya lile ulilolitoa. Na mwenye pikapu anayebadili matairi ya gari dogo akaweka yale ya kazi nzito yenye alama LT, naye asikilize hapa. Tairi la LT245/75R16 la daraja E linabeba takriban kilo 1,380 likiwa na psi 80. Mtu akilijaza psi 35 kwa sababu ndivyo stika ya matairi ya zamani ilivyosema, uwezo wake haufiki kilo 800. Pesa ya tairi imetoka, uwezo umebaki kwenye kompresa.

Tuje kwenye mzigo. Magari mengi yana stika nyingine, au kwenye ile ile, inayotaja uzito wa watu na mizigo kwa pamoja ambao haupaswi kuzidishwa. Isipokuwepo, kwenye kibao cha gari kuna uzito wa juu wa gari lililopakiwa. Toa uzito wa gari tupu, unabaki na uwezo wako. Tuseme gari dogo limebakiwa na kilo 400. Watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja ni 350. Zimebaki 50. Hamsini tu, na bado hujafungua buti. Dumu mbili za lita ishirini za maji zimekula 40. Sasa nani kati yetu amewahi kufikiri kwamba gari lenye watu watano na madumu mawili ya maji limefika mwisho wa uwezo wake? Tunatazama buti, tunaona nafasi, tunapakia. Buti linapima ukubwa wa mzigo, halipimi uzito wake. Buti lililojaa mito ya kulalia ni jepesi. Mifuko sita ya saruji inaingia ndani ya buti hilo na kuacha nafasi, na ni kilo 300.

Kisha mzigo una mahali pake. Mzigo wa buti unakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na gari ni kama mzani. Weka kilo 100 nusu mita nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo kati ya ekseli na ekseli ni mita mbili na nusu: nyuma panaongezeka kilo 120, mbele panapungua kilo 20. Kilo mia zimekuwa mia na ishirini juu ya matairi mawili, na magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yamepungukiwa uzito wa kuyabana barabarani. Hii ndiyo sababu mstari wa pili wa stika mara nyingi huongeza presha ya nyuma kuliko ya mbele. Mizigo mizito ikae chini, karibu na migongo ya viti vya nyuma. Ya keria iwe myepesi, maana keria nayo ina kilo zake, na ni chache kuliko tunavyodhani.

Nimewahi kuulizwa na dereva mmoja: "Kama upepo ndio unaobeba, si niongeze upepo nibebe nitakavyo?" Swali zuri, na ametoa kwenye maneno yangu mwenyewe. Jibu ni kwamba tairi si kitu pekee chenye kikomo. Rimu ina kikomo. Ekseli ina kikomo. Springi, beringi na breki, vyote vilipimwa kwa uzito fulani. Ukijumlisha uwezo wa matairi manne ya 91 unapata kilo 2,460, na huenda gari lenyewe linaruhusiwa kilo 1,800 pamoja na mzigo. Ile ziada haikuachwa ili tuipakie mifuko. Ni ya kona, pale uzito unapolalia upande mmoja. Ni ya breki ya ghafla, uzito unapokimbilia mbele. Ni ya shimo barabarani. Na tairi lililojazwa kupita stika linagusa barabara kwa katikati tu, linaisha katikati, breki zake zinapungua, na likigonga shimo halina pa kubonyea, linapasuka nyuzi.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye joto, kwa sababu huko ndiko vifo vinakotoka. Tairi la gari dogo huzunguka mara mia tano hivi katika kila kilomita moja. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ni mara elfu hamsini katika saa moja, mara kumi na tatu au kumi na nne kila sekunde. Kila mzunguko ubavu unajikunja na kunyooka. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua haraka haraka, kishike: kimepata moto. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja zaidi, na lenye mzigo uliozidi linajikunja zaidi, na lenye vyote viwili, kwa mwendo mkali, juu ya lami iliyochomwa na jua, linajipika lenyewe kutoka ndani. Raba inaanza kuachana na mikanda ya waya iliyo chini ya uso wa tairi, kwanza pembeni mwa mikanda, kidogo kidogo, mpaka siku uso mzima unabanduka kwa kasi. Dereva atasema tairi lilikuwa na kasoro. Pengine. Lakini mara nyingi tairi lilikuwa likipewa adhabu kwa miezi.

Mwaka 2000 dunia nzima iliyaona haya. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni ya Firestone iliita irudishiwe matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso za matairi kubanduka na magari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa Marekani. Pande mbili zilinyoosheana vidole: wa gari wakasema tairi ni bovu, wa tairi wakalitaja gari na presha yake. Nami sitaki kuwa hakimu wa kesi ile. Matairi yenyewe yalikuwa na matatizo ya utengenezaji. Ninachotaka mkione ni namba. Stika ya gari lile ilisema psi 26. Waliotengeneza tairi walipendekeza 30. Psi 4, kwenye gari refu, la familia, linalojazwa mizigo na kukimbizwa kwenye joto. Tofauti ambayo wengi wetu hapa tunaibeba leo bila kujua.

Kutokana na vifo vile Marekani ilitunga sheria mwaka ule ule, na matokeo yake ni ile taa ya njano ya tairi iliyo kwenye dashibodi ya magari mapya. Ni kitu kizuri na nakishukuru. Lakini msiifanye geji. Kwa kanuni ya Marekani taa ile inatakiwa kuwaka presha ikiwa imeshuka asilimia 25 chini ya stika. Stika ikisema 32, taa inaweza kusubiri mpaka 24. Kanuni za Ulaya ni kali zaidi kidogo, asilimia 20. Kati ya 32 na 24 kuna safari ndefu ya tairi kujipika, na taa imenyamaza. Na taa, kama geji, haijui umepakia nini.

Sasa upimaji. Pima tairi likiwa baridi: gari limelala, au limesimama saa tatu nzima, au halijaenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Namba za stika ni za tairi baridi. Ukiendesha, upepo unapata joto na presha inapanda psi 4, 5, hata 6, na huo ni mpango wa waliolitengeneza. Nimeona mara nyingi dereva akisimama katikati ya safari, akipima, akishtuka, akitoa upepo. Jamani, tusifanye hivyo. Umelipunguzia nguvu tairi wakati ule ule linapofanya kazi ngumu, litajikunja zaidi, litapata joto zaidi. Ukitoa upepo kwenye tairi la moto, kesho asubuhi litakuwa chini ya stika.

Hewa ya nje nayo ina mkono wake: kwa gari dogo, kila joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, presha inashuka psi moja na nusu hivi. Na hata bila pancha, tairi zima hupoteza karibu psi moja kila mwezi, upepo ukipenya taratibu kwenye raba yenyewe. Mtu aliyejaza vizuri miezi sita iliyopita na hajapima tena, amekwisha kupoteza psi 6. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Pima mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari yenye mzigo. Kifuniko cha valvu kirudishwe; ni kidogo, lakini kinazuia vumbi kukwama kwenye pua na kuvujisha. Kuhusu naitrojeni naulizwa kila mahali: hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ukiiweka si vibaya. Isikuzuie kupima.

Ndugu zangu wa malori, sijawasahau. Kwenu kila nililolisema lina uzito mara kumi. Matairi yenu yana namba mbili za uwezo, kwa mfano 121/118. Ya kwanza, kilo 1,450, ni likiwa peke yake. Ya pili, kilo 1,320, ni likiwa pacha na mwenzake. Kwa nini pacha apewe kidogo? Kwa sababu mapacha hawagawani sawa hata siku moja. Barabara ina mgongo katikati, mmoja wao ni mpya kuliko mwenzake, mmoja ana upepo zaidi. Mwenye upepo zaidi ndiye mwenye kubeba. Na yule wa ndani, ambaye valvu yake ni taabu kuifikia, ndiye anayesahaulika. Akiishiwa upepo kabisa, lori haliinami, linaendelea kwenda kama kawaida. Mwenzake amebeba mzigo wa wawili, na yule aliyeishiwa upepo anaburuzwa akisagwa katikati. Kilomita chache mbele unaona moshi. Malori yameteketea na shehena kwa njia hii.

Tingo, nakuomba wewe hasa. Najua ule utaratibu wa kupita na nyundo au chuma, ukigonga kila tairi na kusikiliza. Mlio utakuambia kama tairi limekufa kabisa. Hautakuambia kama lina psi 80 mahali pa 110, na hiyo 80 inatosha kuliua kabla ya jioni. Mwombe dereva wako geji ndefu ya lori, yenye shingo inayofika kwa pacha wa ndani. Dereva, mnunulie. Wenye magari mliopo hapa, mnunulieni dereva. Na msimpe shehena iliyozidi kisha mkamlaumu kwa matairi.

Mvua nayo naitaja kwa kifupi. Upepo ndio unaoyasukuma maji yaondoke chini ya tairi. Utafiti uliofanywa na NASA, shirika la Marekani la safari za anga, kwa matairi ya ndege ulitoa kanuni inayofungamanisha presha na mwendo ambao tairi linaanza kuelea juu ya maji. Kwa kanuni hiyo, psi 32 ni karibu kilomita 94 kwa saa, na psi 20 ni karibu 74. Gari lako si ndege na matairi yake yana michirizi ya kupitisha maji, kwa hiyo msizichukue kama namba zenu. Chukueni mwelekeo: upepo ukipungua, unaelea mapema, na tairi kipara linaelea mapema zaidi.

La mwisho ni tairi la spea, ambalo tunalikumbuka siku ya jeki. Limelala miaka, limepoteza ile psi moja ya kila mwezi, na siku tunayolihitaji ni siku gari limejaa. Lijazwe presha ya mzigo kamili tangu mwanzo, maana kupunguza ni rahisi kuliko kutafuta kompresa porini. Kama ni lile jembamba la muda, mara nyingi linataka psi 60, limeandikwa. Tazameni na umri: ubavuni, mwishoni mwa msururu unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Nimeleta geji kumi na mbili, ziko mezani pale pembeni. Magari yenu yamesimama tangu saa mbili, sasa ni saa tano na nusu, kwa hiyo matairi ni baridi. Yaliyoko juani yatasoma juu kidogo, mkumbuke hilo. Naomba kila mmoja achukue geji, afungue mlango wa dereva asome stika kwa sauti, halafu apime, pamoja na spea. Wa malori tuanze na pacha wa ndani. Mimi nitakuwa pale kwenye lile lori la bluu, mwenye nalo aje na ufunguo.